Tumbili wa Chuo cha Kirawa

Chuo cha Ualimu Kirawa,
Kitisuru, Nairobi.
10 Septemba 1973

Kwako Rael,

Wiki nzima tangu tufungue na kitanda chako bado ni godoro tupu. Mlango ukigongwa Syokimau anaruka juu, "Huyo ni Rael!" Jana alikuwa matroni anatafuta ndoo yake.

Uko wapi, wewe? Mwezi wa nane nilikusindikiza stesheni na telegramu mkononi, mama ameanguka shambani, na tangu siku hiyo kimya. Kama kuna jambo baya, niandikie tu. Kama hakuna, basi panda gari uje, maana mashindano ya vyuo yanaanza tarehe ishirini na mbili na Mwalimu Mwololo ameshatuandikisha bila kutuuliza. Unamjua mwenyewe. Mpira wa kikapu hajaushika maishani ila darasani kwake, akituonyesha jinsi dunia inavyozunguka jua.

Tuko saba. Bila wewe, mrefu wetu ni Nyokabi, na Nyokabi akiona mpira unamjia anafumba macho. Jumamosi tulicheza mchezo wa kirafiki na Makatibu, wale wasichana wa chuo cha makatibu cha mjini waliochukua kombe miaka minne mfululizo. Matokeo sikuandikii. Nitakuambia ukifika.

Tunakungoja.

Wangeci

* * *

Chwele, Bungoma.
17 Septemba 1973

Mpendwa Wangeci,

Nisamehe ukimya. Mama yuko hai. Upande wake wa kulia wote umepooza, kuanzia uso hadi mguu, na maneno yake yanatoka yamekunjamana hivi kwamba ni mimi peke yangu ninayeyaelewa, tena si yote. Namlisha, namwosha, namgeuza. Baba anashinda shambani, wadogo zangu wako shule.

Nitarudi mama akiweza kushika kikombe mwenyewe. Kitanda changu msimpe mtu.

Najua Makatibu wamewachapa vibaya, mngekuwa mmeshinda ungeandika kwa herufi kubwa. Sasa nisikilize. Mahindi yetu yamekomaa na tumbili wa mtoni wamejua kabla yetu. Mimi ndiye mlinzi, mama akilala. Nina mikono mirefu, nina mawe, nina sauti, na wananishinda kila siku. Nimekaa nikawatazama nijue kwa nini. Mmoja anatokea upande wa barabara, wazi kabisa, anakaa ananikodolea macho. Namfukuza. Hakimbii mbali, ananivuta tu. Nikigeuka, wenzake wameshaingia kwa nyuma, na aliyeshika hindi hakai kulila pale, ameshaondoka.

Wangeci, sisi siku zote tumecheza kama wenye shamba: tunasimama chini ya kikapu chetu tunangoja kupigana na watu waliotuzidi urefu. Waacheni Makatibu wawe wenye shamba. Syokimau ana mbio na hana haya. Akae na mpira upande mmoja, wazi, awaite. Wakimwendea wawili, mpira uwe umeshavuka upande wa pili na wewe umeshaingia kwa nyuma. Mtu asikae na mpira zaidi ya muda wa kutamka jina lake. Na mkimbie bila kupumzika. Sisi warefu huchoka magoti mapema. Mimi najua.

Wasalimie wote. Mwambie Nyokabi mpira haumi.

Rael Nanjala

* * *

Kitisuru.
26 Septemba 1973

Rael weh!

TUMESHINDA! Umeona herufi?

Niliwasomea barua yako baada ya chakula. Walicheka mpaka matroni akaja. Lakini kesho yake Syokimau alisimama pembeni mwa uwanja na mpira, akajikuna kwapa, akaita, "Njooni basi!" Wawili wakamwendea kwa hasira, mpira ukaruka, nikajikuta peke yangu chini ya kikapu. Tukatazamana. Mwalimu Mwololo akavua miwani, akaifuta, akasema, "Rudieni hiyo."

Tangu hapo tunakimbia. Alfajiri tunashuka bondeni na kupanda tena mpaka kwenye nyua za mabwana wakubwa, mbwa wao wanatubwekea, watunza bustani wanaegemea mafyekeo wanatutazama. Mmoja alituuliza, "Nyinyi mmekosa nini?" Alidhani ni adhabu.

Jumamosi tulicheza na chuo cha wauguzi. Vikapu ishirini hatukufikisha, lakini wao walipungukiwa kuliko sisi. Tulishinda kwa kikapu kimoja. Nyokabi alidaka mipira mitatu macho wazi. Mchezo wa pili ni tarehe sita, na tukivuka huo, Rael, ni fainali.

Huku mambo yako usijali hata kidogo. Prinsipali alikuulizia, nikamweleza kuhusu mama, akaitikia vizuri. Wewe njoo tu, lakini njoo upesi.

Wangeci

* * *

Chwele.
2 Oktoba 1973

Wangeci wangu,

Barua yako nimemsomea mama mara mbili. Tulipofika pale pa Syokimau kujikuna kwapa alicheka, Wangeci, kwa upande ule wa uso unaocheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke.

Mchezo wa pili anzeni kwa mbio zote, msiweke akiba. Binamu yangu Sifuna anafanya kazi huko Kileleshwa. Nimemwandikia aje awaone, anieleze kila kitu.

Nitakuja kabla ya fainali. Waambie wasichana hivyo.

Rael

* * *

Kitisuru.
8 Oktoba 1973

Rael,

Tumevuka. Tuko fainali. Nilipaswa kuandika kwa herufi kubwa lakini mkono umekataa.

Baada ya mchezo, watu wakiwa bado wanatushika mikono, akaja kijana amevaa koti zuri. Akaniuliza, "Wewe ndio Wangeci? Mimi ni Sifuna, binamu ya Rael. Napikia wazungu pale Kileleshwa."

Nikafurahi. Nikamwambia, "Mwandikie leo leo. Mwambie tunamngoja fainali."

"Kumngoja?" Akanitazama kama anayesikia kichaa. "Kwani hakuwaambia? Mzee alishakata shauri. Rael harudi. Ni tangu mwezi wa nane hiyo."

Syokimau alikuwa kando yangu na chupa ya soda. Aliiweka chini bila kunywa, akaenda zake.

Tangu mwezi wa nane! Na barua mbili umeniandikia nitunze kitanda, niwaambie wasichana unakuja. Wamekuwa wakiliangalia lango, Rael. Nyokabi amekuwa akifanya mazoezi ya kukupasia wewe. Kama ulitaka kutuacha ungetuacha tu, tungelia siku moja tukanyamaza. Mbona unatuacha kidogo kidogo?

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, yangu ni hii. Prinsipali hakuitikia vizuri. Alisema usipofika au usipoandikiwa na mzazi kabla ya mwisho wa muhula, jina lako litafutwa chuoni na hutapokelewa tena. Nilikuficha hilo kwa kudhani u njiani.

Fainali ni Jumamosi tarehe ishirini na saba, kiwanja cha mjini, na Makatibu. Sikuombi tena mbinu yoyote. Nakuomba ukweli.

Wangeci

* * *

Chwele.
13 Oktoba 1973

Wangeci,

Una haki ya kila neno.

Ukweli ni huu. Siku ya tatu baada ya kufika, Baba aliniita nje. Akasema, "Nanjala, walimu Kenya ni wengi. Mama yako ana msichana mmoja tu." Kaka yangu yuko Mombasa, wadogo bado ni watoto, na Baba si mtu wa kumwogesha mgonjwa. Sijawahi kumwona hata akibandika sufuria. Kwa hiyo alisema mara moja, nami sikuuliza mara ya pili. Hakunifunga kamba, Wangeci. Nilikaa.

Mbona nikakuandikia nitarudi? Kwa sababu nilipokaa kando ya kitanda na kalamu, nikifikiria nani asimame wapi, nilikuwa bado mimi. Ningeandika "sirudi" ningekuwa nimekufa mahali fulani. Sikutaka kuwacheza shere. Nilitaka kubaki kwenye timu.

Kitanda mpe mtu anayekihitaji.

Hukuniomba mbinu lakini nakupa moja, ya mwisho. Yule Hannah wao, mrefu kuliko mimi, akiwa na mpira mwisho wa mchezo huingia moja kwa moja kwa kifua, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Msiruke naye. Mfupi akiruka na mrefu amejichosha bure. Mtu awahi kusimama njiani, miguu imetulia, na asubiri. Itamuuma. Lakini refa atakuwa anaona.

Samahani kwa Nyokabi. Samahani kwa Syokimau zaidi.

Rael

* * *

Kitisuru.
17 Oktoba 1973

Kwa Mzee Tobias Were,

Pokea salamu za heshima, pamoja na Mama, ambaye tunamwombea kila jioni. Mimi ni Wangeci, binti wa Gerishon Macharia wa Kabete. Nilisoma na Rael darasa moja na kulala naye chumba kimoja. Rael hajui kwamba nakuandikia, na kama ni utovu wa adabu, lawama ni yangu.

Sikuandikii kubishana na neno lako. Mama yangu angeanguka, baba yangu angesema hilo hilo. Nakuandikia kwa sababu nadhani kuna jambo hujaambiwa.

Chuo chetu ni kidogo, na katika mpira wa kikapu tulikuwa watu wa kuchekwa. Mwaka huu tumeingia fainali. Aliyetufikisha ni binti yako, akiwa huko kwako, akilinda mahindi yako. Alitazama tumbili wanavyoiba akatuandikia tucheze vile, nasi tukacheza, tukawashinda watu waliotupita kwa kila kitu. Mwalimu wetu amesoma mpaka chuo kikuu na anasema hajaona mtu wa kumweleza mwenzake jambo kwa kalamu likaeleweka namna hiyo. Mimi nimesomea ualimu miaka miwili. Nimejifunza kufundisha kwa kusoma barua za Rael.

Alikuambia uongo? Hapana. Sisi ndio alitudanganya, akasema anakuja. Wewe hajakuambia kitu chochote, na hilo ndilo linanisumbua.

Prinsipali anangoja neno la mzazi kabla ya muhula kwisha. Akilipata, Rael anaweza kurudia mwaka kuanzia Januari. Asipolipata, jina linafutwa. Nimeona ni haki ulijue hilo, halafu uamue wewe.

Mimi bintiyo,
Wangeci Macharia

* * *

Kitisuru.
28 Oktoba 1973

Rael,

Kaa chini kwanza. Mama awe ameamka, umsomee.

Tulifika mjini mapema. Jua kali, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, vijana wa ofisini wamekunja mashati, akina mama wametoka sokoni na vikapu vyao. Makatibu walishuka kwenye basi lao wamevaa sare mpya, viatu vyeupe vyote. Sisi tulikuwa na zile blauzi tulizozipaka rangi wenyewe, na za watu wawili zilikuwa zimechuja. Jina letu lilikuwa limeshasambaa. Kijana mmoja akapiga kelele, "Tumbili ndio hao! Leteni ndizi!" Uwanja wote ukacheka. Mimi nikaona aibu. Syokimau akainua mkono akamwambia, "Leta! Tumekuja na njaa!" Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka nasi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Tulikimbia, tukakimbia, na kila tulipopiga mpira uligonga chuma ukarudi mikononi mwa Hannah. Mpaka mapumziko walikuwa wametuacha pointi tisa. Nilikaa chini nikainamisha kichwa. Nyokabi akasema, "Basi, tumejitahidi." Mwalimu Mwololo akachuchumaa mbele yetu. Hakupiga kelele. Akasema, "Watazameni."

Tukatazama. Makatibu walikuwa wamelala chali kwenye nyasi, wawili wanakandwa magoti.

"Sasa mjitazame nyinyi," akasema. Tulikuwa tumesimama, Rael. Hata Nyokabi aliyesema tumejitahidi alikuwa amesimama.

Kipindi cha pili tuliingia shambani. Syokimau upande wa barabara, mimi nyuma, mpira hauna mwenyewe. Walianza kufokeana. Hannah alimwambia mwenzake, "Kwani wako wangapi hawa?" Tisa zikawa tano, tano zikawa moja. Watu wa ukutani wakaanza kuimba tumbili, tumbili, na si kwa kejeli. Dakika ya mwisho nilichezewa faulo, nikapewa mipira miwili ya bure. Wa kwanza nilikosa. Wa pili nilikosa pia, mbele ya Nairobi nzima. Lakini ulipogonga ubao ukarudi, kuna mkono uliinuka juu ya mikono yote ukausukuma ndani. Nyokabi! Macho wazi, Rael, niliyaona. Tukawa mbele kwa pointi moja.

Wakampa Hannah mpira. Watu wote walijua. Akaja moja kwa moja kwa kifua kama ulivyosema, na mbele yake hakuna mtu ila Syokimau, anayemfikia hapa kwenye kwapa. Syokimau hakuruka. Alipanga miguu, akakunja mikono kifuani, akasimama tu. Waligongana nikasikia sauti yake. Hannah akarusha, mpira ukaingia. Umeingia, Rael! Makatibu wakaanza kukumbatiana. Halafu tukasikia filimbi. Refa amefumba ngumi, anatikisa kichwa, anaonyesha Syokimau aliyelala pale kama gunia. Kikapu kimekataliwa, faulo ni ya Hannah.

Thelathini na tisa kwa thelathini na nane. Sisi.

Nilimkimbilia Syokimau. Damu puani, macho yamefumbwa. Nikamwita. Akasema bila kuyafumbua, "Mwambie huyo Rael kwamba imeuma." Kisha akaanza kulia, na mimi nikalia. Hannah mwenyewe ndiye aliyemwinua.

Kombe liko meza ya Prinsipali. Tulirudi Kitisuru kwa lori, tumesimama, tukiimba, na watunza bustani walitoka kwenye malango kupunga mikono.

Sina hasira tena. Nilikuwa nayo mpaka Syokimau aliposimama pale. Ulikuwa umesimama naye.

Wangeci

* * *

Chwele.
5 Novemba 1973

Kwa binti Wangeci Macharia,

Mimi Tobias Were nakusalimu. Kalamu si kazi yangu, utavumilia.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi mfukoni. Kwanza nilikasirika. Nilisema, mtoto wa watu huko Kabete ananifundisha nyumba yangu? Kisha ikaja ile ya mpira. Nanjala alikuwa akimsomea mama yake, nami nilikuwa dirishani kwa nje nanoa jembe. Nilisikia yote. Nilimsikia mke wangu anacheka. Nilimsikia na binti yangu, akimaliza kusoma, anairudia kutoka mwanzo.

Jioni niliingia nikamuuliza, "Wataka kurudi huko?" Akasema, "Baba, na mama?" Nikasema, "Sijauliza mama. Nimekuuliza wewe." Akasema, "Nataka."

Sasa nikueleze jambo ambalo hata watoto wangu sikuwaeleza. Wakati wa vita vya dunia nilikuwa jeshini, Bama, kule Asia. Sikuwa mtu wa bunduki. Nilikuwa dresa, nafunga vidonda. Niliwaosha wanaume wazima, niliwalisha uji kwa kijiko, niliwageuza wasioze mgongo. Watu ambao sikujua hata jina la baba zao. Niliporudi nilijiambia kazi hiyo imekwisha, hapa nyumbani ni kazi ya wanawake, na majirani wakiniona nafua mashuka watasema nini. Kwa hiyo binti yangu aache kusoma ili majirani wasiseme.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nitamuuguza mimi, alinitazama, akasema neno moja ambalo hata mimi nililielewa. Alisema, "Utaweza?" Nikamwambia, "Ningoje uone."

Nimeanza. Mashuka nimeanika mbele ya nyumba, upande wa barabara. Wazee wa kanisa letu la Friends walipita wakasimama. Nikawaambia karibuni, kuna mengine ya kukamua.

Prinsipali nimemwandikia leo. Nanjala atakuja Januari. Tumbili nitawafukuza mwenyewe, ingawa baada ya kusikia habari zao nimewaachia mstari mmoja wa mahindi kando ya mto.

Msalimie baba yako. Mwambie amezaa.

Tobias Were

* * *

Chuo cha Ualimu Kirawa,
Kitisuru.
10 Februari 1974

Mwalimu Wangeci,

Naona raha kuandika hivyo. Ol Kalou kuna baridi kama wanavyosema? Na hao watoto wako sitini, wanakusikia?

Niliingia langoni tarehe kumi na nne na sanduku kichwani. Mimi ndiye mzee wa darasa sasa, wasichana wa mwaka wa kwanza wananiamkia. Mwalimu Mwololo alinipeleka ofisini nilione kombe. Nikasita kulishika, nikamwambia, "Mwalimu, mimi sikucheza." Akasema, "Mimi nilicheza?" Tukacheka.

Mama anakaa kwenye kiti sasa, nje, jua la asubuhi. Baba anaandika kila Jumapili, barua fupi kama ripoti za jeshi. Ugali wake bado ni mbichi katikati, anasema, ila mgonjwa hajalalamika kwa sababu hataki kuulizwa kama anaweza kupika mwenyewe.

Jana tulicheza na Makatibu, kirafiki, hapa kwetu. Timu ni mpya, wengine hawajajua kudunda mpira bila kuutazama. Nilicheza kutoka mwanzo hadi mwisho. Hannah na mimi tulirukiana mchana kutwa mpaka refa akachoka kutuamua. Walitufunga, Wangeci. Pointi kumi na nne. Mapafu yaliniwaka, goti limevimba, na nilipokuwa nikitoka uwanjani msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alinishika mkono akanipa pole.

Nikamuuliza, "Pole ya nini?"

Sikuwa najifanya. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tumeshindwa.

Nakuacha hapa. Wako uwanjani wananiita, na viatu bado sijafunga.

Rael Nanjala